Pembesita Kumi na Mbili na Shimo Katikati

Nilirudi darasani kama mwanafunzi nikiwa na miaka arobaini na mitano. Kama mwalimu sikuwa nimewahi kutoka, nilikuwa nimefundisha kemia wasichana wa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka ishirini, nikiandika benzeni ile ile kwenye ubao ule ule, mpaka siku moja msichana mmoja wa mstari wa nyuma akaniuliza, "Mwalimu, na baada ya hiyo kuna nini?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata. Lakini swali halikunitoka. Miezi michache baadaye nilikuwa nimejiandikisha kusomea shahada ya uzamili, madarasa ya Jumamosi, katika tawi dogo la chuo mjini Kajiado: madarasa matano, choo kimoja, na jengo la maabara ambalo halikuwa bado na madirisha wala maabara.

Mimi naishi Kitengela, katika ploti ya nyumba nane zinazotazamana. Wakati huo nilikuwa nakaa na mama yangu, aliyekuja kutoka Makueni kutibiwa goti kwa wiki mbili. Goti lilipona, akakaa miezi minane. Alisema hawezi kuniacha peke yangu na hivi nilivyokuwa nikiongea na karatasi.

Karatasi zenyewe zilikuwa na michoro ya pembesita. Somo nililochagua ni la zile kampaundi za kaboni na hidrojeni ambazo pete zake zimeshikana, pete moja ikichangia ukuta na pete jirani, kama nyumba za ploti yetu. Nilijaribu kumweleza mama kwa vitu anavyovijua. Nilimwambia vile vidonge vyeupe anavyoweka kwenye sanduku la nguo ili wadudu wasile leso zake ni naftalini: pete mbili zilizoshikana. Nikamwambia kwenye masizi ya sufuria yake kuna pete nne, tano, sita, zimejibandika pamoja.

"Na wewe unasoma ngapi?"

"Kumi na mbili. Lakini zangu hazijabandikana hivi hivi. Zimejipanga kwenye duara, zikashikana mikono, katikati pamebaki shimo."

"Pete kumi na mbili zimefanya pete moja."

"Ndiyo, Mama. Inaitwa kekulini."

"Keki gani?"

Hapo ndipo habari zilipoharibika. Mama alikuwa akianika nguo na majirani kila asubuhi, na kufikia Ijumaa ploti nzima ilijua kwamba mwalimu anasomea keki, tena za pete, huko Kajiado kila Jumamosi. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja mlangoni kuniuliza kama naweza kumtengenezea ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, ya chokoleti. Nilimwambia bado niko kwenye nadharia. Akasema sawa, atasubiri.

Muhula wa pili ulipokaribia kuisha nilitakiwa kusimama mbele ya jopo la walimu watatu na kutetea pendekezo langu la utafiti. Msimamizi wangu ni profesa mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia wanafunzi. Aliniambia, "Mwalimu, mambo ya kuonyeshwa kwenye skrini mimi nimechoka nayo. Kila mtu analeta picha zinazozunguka zunguka. Niletee kitu nishike."

Basi nikaenda kwa fundi.

Fundi wa kuchomelea vyuma yuko kando ya barabara, si mbali na kwetu. Ametoka upande wa Kakamega, ni mzee wa kanisa, na ndiye anayeanzisha nyimbo Jumapili kwa sauti ambayo nadhani ameikuza kwa kushindana na grinda ya kukatia vyuma. Mageti yake yamesimama mstari mbele ya kibanda, yana maua, yana simba, moja lilikuwa na tai. Nilimpa mchoro wangu. Aliutazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Hii ni geti ya nani?"

"Si geti, fundi."

"Basi ni dirisha."

"Ni molekuli."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua sana. "Na inafunguka ndani ama nje?"

Nilikaa kwenye mtungi uliopinduliwa nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na siwezi kujizuia. Nikamwambia kila pembe ni chembe moja ya kaboni, na kila kaboni ina mikono minne, haizidi, haipungui. Mikono ndiyo vyuma. Kaboni inashika jirani wa kushoto, jirani wa kulia, na mkono wa tatu unashika kaboni nyingine, au hidrojeni.

Fundi alichukua chaki akawa anaweka alama kwenye pembe. "Mwalimu, hapa nahesabu mikono tatu. Umesema ziko nne. Hii ya nne iko wapi?"

Katika miaka ishirini ya kufundisha, swali hilo huwa naliuliza mimi, darasa likinyamaza. Nilisimama kwa furaha.

"Huo wa nne ndio elektroni zake hazikai kwenye chuma kimoja. Kwenye pete moja, kaboni sita zinatoa kila moja elektroni moja, halafu hizo sita zinazunguka pete nzima. Huwezi kusema hii ni ya huyu na ile ni ya yule."

"Kwa hivyo hiyo ni ya wote."

"Ya wote."

"Basi hiyo siwezi kuchomelea."

"Hiyo usichomelee, fundi. Wewe nifanyie vyuma sitini, pembe arobaini na nane. Kila upande kumi."

Niliandika 10 kwenye mchoro, kando ya ukuta mmoja wa pembesita, na nikaenda zangu. Sikuandika kumi ya nini, ingawa kichwani mwangu zilikuwa sentimita. Mwalimu wa sayansi, mtu ambaye amewakata wanafunzi alama kwa kosa hilo hilo tangu alipoajiriwa, niliandika namba tupu isiyo na kipimo nikaiacha mikononi mwa mtu anayepima kwa inchi.

Alhamisi saa kumi, nikitoka shuleni, niliiona kabla sijafika. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda, ikimzidi fundi kwa kichwa na kofia. Nilikuwa nimepanga kitu cha kubeba kwapani. Hiki kilihitaji watu wawili na maombi. Kilikuwa kimepakwa rangi ya fedha, na kuzunguka ukingo wote wa nje palikuwa na mishale, ile mishale ya chuma inayowekwa juu ya geti kuzuia wezi. Mwanamume mmoja alikuwa amesimamisha pikipiki, anauliza bei.

"Imeshanunuliwa," fundi alimwambia kwa fahari. "Ni ya mwalimu. Ni molekuli."

Nilikizunguka kitu kile. Halafu nikaona. Shimo halikuwepo. Mahali ambapo palitakiwa kuwa na uwazi wa kutosha kukaa mtu, fundi alikuwa ameweka pembesita nyingine katikati kabisa, akaiunganisha na pete kwa vyuma sita.

"Fundi, shimo langu liko wapi?"

"Nilikutolea hiyo makosa."

"Makosa gani?"

Alichukua kipande cha chuma akawa ananionyesha, na ninakiri kwamba sijawahi kufundishwa vizuri hivyo. "Wewe ulisema kila pembe iko na mikono, tatu za chuma na moja ya wote. Sawa. Nikahesabu. Pembe zingine ziko na vyuma tatu, hizo zimetosheka. Lakini zingine ziko na mbili peke yake. Hukuchora ya tatu. Nikajiuliza, sasa huyu ameachwa mkono hewani? Za nje ziko kumi na nane. Nikaweka mshale kila moja, kwa sababu nje hakuna wa kushika."

Nilihesabu mishale. Kumi na nane. Fundi alikuwa ameweka hidrojeni zote za nje mahali pake, na mimi sikuwa nimemchorea hata moja, maana sisi watu wa kemia huwa hatuzichori. Tunadhani kila mtu anajua ziko.

"Na za ndani?"

"Za ndani ni sita. Mshale ndani siwezi weka, itadunga mtu macho. Kwa hivyo nikaleta pembesita moja hapo kati, ikashika wote sita. Sasa hakuna mtu ameachwa. Hata iko nguvu zaidi. Sukuma."

Nikasukuma. Kweli ilikuwa na nguvu. Kwa vyuma kumi na viwili tu, alikuwa amejaza shimo lote na kutengeneza pembesita saba mpya, na kwa hesabu za kaboni hakuwa amekosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba sasa ilikuwa molekuli nyingine. Pembe arobaini na nane zilikuwa zimekuwa hamsini na nne. Lilikuwa pande zima la pembesita kumi na tisa, kama sega la nyuki, na mimi nilikuwa nimeandika kurasa thelathini kuhusu pete yenye shimo.

"Fundi, itabidi tukate."

Alivua miwani ya kuchomelea. "Mwalimu, unataka nikate kitu iko sawa niache kitu iko na shimo?"

"Hilo shimo ndilo nasomea."

"Unasomea shimo."

"Nasomea vile pete inakaa ikiwa na shimo."

Alimtazama yule mwanamume wa pikipiki, yule mwanamume akatazama barabara. Mwishowe akawasha grinda. Alikata vile vyuma sita kwa uchungu, lakini hakuvikata kwenye mzizi. Aliacha kila kimoja na kisiki kirefu kama kidole, kikielekea ndani, labda akitumaini nitabadilisha mawazo. Nikamwambia aviache hivyo hivyo. Hizo zilikuwa hidrojeni zangu za ndani, sita kamili. Alipoona nimefurahi alirudi kuwa fundi, akavipiga msasa ili visidunge mtu.

Watu wawili wa kibandani walinisaidia kuibeba hadi nyumbani. Haikuingia mlangoni. Tulijaribu wima, tukajaribu kuilaza, mama akielekeza kwa Kikamba na Kiswahili kwa wakati mmoja, mpaka mshale mmoja ukachubua rangi ya fremu na mwenye ploti akatoka kutazama. Mwenye ploti wetu ni mama wa Kimaasai, mjane, anafuga mbuzi Kisaju na kuishi kwenye nyumba ya mwisho. Alinisalimia, "Takwenya," nikaitika, "Iko," halafu akasimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, ni boma unajenga?"

"Ni ya masomo, Mama."

"Aa. Basi weka kwa tangi."

Tukaiegemeza kwenye tangi la maji. Kabla ya giza kuingia mtu alikuwa ameshaanika soksi juu ya hidrojeni.

Ijumaa ilikuwa sikukuu, hakukuwa na shule, na nilikuwa na kazi moja iliyobaki: kuonyesha zile elektroni ambazo fundi hakuweza kuchomelea. Nilikuwa nimenunua uzi mwekundu wa kufumia, mipira kadhaa. Mama, ambaye amesuka viondo tangu akiwa msichana, aliuchukua uzi kabla sijamaliza kueleza.

"Unataka nizungushe wapi?"

Nilimweleza. Pete ina pembesita kumi na mbili, sita ziko kwenye kona na sita ziko katikati ya pande. Zile za katikati ya pande, kila moja ina elektroni zake sita zinazozunguka humo humo ndani. Kwa hiyo kila moja ipewe duara lake la uzi. Zile za kona hazina duara. Kila moja ina chuma kimoja tu kule nje, kati ya mishale miwili, chenye nguvu mara mbili. Hicho akifunge uzi mnene.

Mama aliufunga uzi kwenye pembesita ya kwanza, akauzungusha mara nyingi, kazi safi kabisa. Nikaingia kuchemsha chai. Nilipotoka alikuwa amepita pembesita ya pili, ya tatu, anaenda na uzi ule ule kuzunguka duara kubwa lote, haukatiki.

"Mama, hapana! Kila moja na uzi wake."

"Kwa nini nikate? Nikikata nitafunga fundo mara sita. Nikizunguka mara moja, fundo moja."

"Elektroni hazizunguki zote. Zinakaa sita sita."

"Nani amezikataza?"

Nilisimama na vikombe viwili vya chai mkononi. Nilijua jibu la kitabu. Nilijua kwamba watu walishaliuliza swali hilo zamani, kabla mtu yeyote hajaweza kuitengeneza hiyo kampaundi: je, elektroni zitazunguka duara kubwa, moja nje na moja ndani, au zitabaki nyumbani kwao? Nilijua kwamba walipoipata na kuipima waliona zimebaki nyumbani. Lakini mama hakuuliza zinafanya nini. Aliuliza sababu, na kurasa zangu thelathini zilisema tu "kama inavyojulikana."

"Mwana wakwa," mama alisema, akiniita mwanangu kwa Kikamba, "hata hujui."

"Najua. Ngoja tu."

"Kunywa chai yako ujue."

Nilikaa kwenye ngazi mchana wote huo na karatasi magotini, yeye akikata uzi na kufunga mafundo, akihema kila fundo ili nisikie. Nikahesabu. Pembesita sita zenye duara, mara kaboni sita, ni thelathini na sita. Kona sita, mara kaboni mbili za kile chuma cha nguvu mbili, ni kumi na mbili. Jumla arobaini na nane. Hakuna kaboni iliyobaki nje, hakuna iliyohesabiwa mara mbili. Kwa mpangilio huo, pete sita zinapata kile ambacho benzeni inapata, utulivu kamili, kila moja. Ukizizungusha zote kwenye duara kubwa, unavunja nyumba sita zilizotulia ili upate njia mbili ndefu ambazo faida yake ni ndogo. Hakuna anayezikataza. Zinakaa kwa sababu zimeridhika. Niliandika hivyo, kwa lugha ya jopo, kurasa mbili mpya.

"Hakuna anayezikataza, Mama," nikamwambia. "Zimetosheka hapo zilipo."

"Sasa hiyo nimeelewa," akasema. "Ungesema hivyo mapema singebishana."

Swali la usafiri lilitatuliwa na mwenye ploti. Jumamosi hiyo alikuwa anapeleka mbuzi kwenye soko la mifugo Kajiado na pikapu yake, na akasema molekuli inaweza kukaa juu ya kingo, imefungwa kwa kamba, mbuzi wakae chini yake. Mama alisema na yeye anakuja, kwa sababu kazi ya uzi ni yake na anataka kuona itapokelewaje. Tukakaa watatu mbele, mama katikati na kiondo chake magotini.

Tulipopita Kisaju, mbuzi wameshapakiwa, tulisimamishwa na askari wa barabarani. Alizunguka pikapu, akatazama juu, akarudi dirishani kwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni molekuli, afande."

"Iko na kibali?"

"Haihitaji kibali, afande. Ni mfano wa kampaundi ya kaboni yenye pete kumi na mbili..."

"Kaboni ni makaa. Mnasafirisha makaa?"

Nilivuta pumzi nianze tangu mwanzo, mikono minne na yote, lakini mwenye ploti aliniinamia akapitisha kichwa dirishani. "Ofisa, ni ya mbuzi."

Askari alitazama mbuzi, akatazama pete. "Aa. Ya kuwazuia wasiruke."

"Eeh."

"Nendeni."

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimejiandaa kueleza na hakuna aliyetaka. Nilinuna hadi Isinya, mama akiniambia nisinune, mtu hafanyiwi mtihani barabarani.

Lile neno la "ni ya mbuzi" nililikumbuka vizuri tulipofika chuoni. Mwenye ploti alitushusha sisi kwanza, kabla ya kwenda sokoni. Mlinzi na mwenye ploti walifungua kamba, tukaiteremsha pete, tukaisimamisha kwenye ukuta wa ile maabara isiyo na madirisha. Ndipo nikaona pembesita mbili ziko uchi. Rangi ya fedha tupu, zinang'aa. Kwenye moja palikuwa na kipande cha uzi kama urefu wa kidole. Ndani ya pikapu, beberu mmoja mweupe alikuwa anatafuna polepole, uzi mwekundu ukining'inia kwenye kona ya mdomo wake.

"Imekula kazi yangu," mama alisema.

"Haitakufa," mwenye ploti alisema, akawasha gari akaenda sokoni.

Jopo lilishatoka nje. Profesa alikuwa ameshika miwani yote miwili. Pamoja naye walikuwa mama mmoja mhadhiri mwenye daftari, na kijana mmoja aliyevaa tai shingoni ambaye nilisikia ndiye mkali. Walitaka tuanze hapo hapo juani kwa sababu mlango wa darasa haungetosha. Mlinzi akaleta viti vya plastiki. Mama akajitwalia kimoja.

Nilianza. Nilieleza pembe arobaini na nane, mishale kumi na nane nje, visiki sita ndani, shimo na sababu ya shimo. Nikafika kwenye uzi.

"Hizi nyuzi nyekundu zinaonyesha pete zenye elektroni sita zinazozunguka. Ziko pete sita."

Yule kijana wa tai aliinua kalamu. "Naona nne."

"Ni sita."

"Mwalimu, hapa na hapa hakuna kitu. Hizi elektroni kumi na mbili ziko wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Jua lilikuwa kali, na kilichotoka ni ukweli.

"Zimeliwa."

"Zimeliwa na nini?"

"Na mbuzi."

Mama aliinuka kitini, akafungua kiondo, akatoa mpira wa uzi mwekundu. "Mimi niko na nyingine," aliliambia jopo. "Endeleeni tu, sitasumbua." Akaenda kwenye pembesita iliyo uchi, akafunga fundo, akaanza kuzungusha.

Yule mhadhiri mwenye daftari aliweka daftari usoni. Mabega yake yalikuwa yanacheka. Profesa yeye alicheka wazi, kicheko kirefu cha mzee, mpaka akafuta miwani yote miwili. Halafu akaacha kucheka na kuuliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho hata kidogo.

"Hebu ngoja. Tuseme kweli zimetoka. Si kumi na mbili, tuseme mbili. Umezitoa elektroni mbili kwenye pete hii. Zilizobaki bado zitakaa sita sita, au sasa zitaanza kuzunguka?"

Nilitazama pete. Nilimtazama mama akizungusha uzi.

"Sijui, Profesa."

Kijana wa tai aliandika. Nilijua nimeanguka. Nikaongeza, kwa sababu sikuwa na cha kupoteza tena, "Ninachojua ni kwa nini zinakaa sasa," nikawapa zile kurasa mbili za Ijumaa bila kutazama karatasi, thelathini na sita na kumi na mbili, nyumba sita zilizotulia dhidi ya njia mbili ndefu. Nilishika vyuma kimoja kimoja nikiwaonyesha kile cha kona ambacho kingekuwa kifupi kuliko wenzake kama fundi angefuata vipimo vya kweli. Kijana wa tai aliniuliza maswali manne makali na nikayajibu yote manne. La tano likajibiwa na mama, alipoulizwa kama anaweza kusogea kidogo wamwone mwalimu, akasema hapana, bado fundo moja.

Waliingia ndani kuamua. Mama alimaliza duara la sita, akakaa. Tulikaa pale kama watu wanaosubiri daktari. Nikamwambia samahani nimemleta mbali kuja kuona nikiaibika.

"Umeaibika wapi? Mzee amekuuliza kitu hujui, umesema hujui. Kwani ulitaka umdanganye?"

Walitoka baada ya muda ambao ulitosha kumaliza mafuta yote ya mwili wangu. Nilikuwa nimepita, na masahihisho. Masahihisho yalikuwa kurasa mbili, mengi ya nukta na koma na upana wa pambizo, ila la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa profesa: niongeze sura nzima kuhusu kinachotokea elektroni zikiondolewa. Nililia kidogo nyuma ya ile maabara, nikanawa uso kwenye bomba.

Mwenye ploti alitukuta kwenye hoteli moja karibu na soko, tumeagiza chapati na maharagwe. Alikuwa ameuza mbuzi wote. Aliniuliza, "Umepita?" Nikamwambia nimepita na masahihisho. Mama akamfafanulia kwamba masahihisho ni kupita lakini bado. Mwenye ploti akasema amewahi kujenga nyumba ya namna hiyo.

Sura hiyo mpya imenichukua mwaka mzima na bado inanisumbua. Mama alirudi Makueni, na goti linamuuma tena, kwa hiyo namtarajia. Pete iliachwa pale chuoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuirudisha, na profesa alisema ikae. Wiki iliyopita nilipokwenda kumpelekea rasimu nilikuta wanafunzi wa uhasibu wamevaa majoho ya kuhitimu, wamejipanga mbele ya ile pete, wawili wamekaa ndani ya shimo, wanapigwa picha. Nilisimama kando nikawatazama kwa muda, nikijiuliza kama kuna hata mmoja atakayeuliza ni nini. Mpiga picha akanigeukia.

"Mama, samahani, unaweza kusogea kidogo? Unaingia kwa picha."

Nikasogea.